Kompyuta ya gemu kwa elfu hamsini: anzia kwenye wati

Mpwa wangu wa Kisauni, Mombasa, alinitumia picha tatu, kisha akapiga simu hata sijazifungua. "Shikamoo mjomba. Umeiona? Ni i7 hiyo, RAM kumi na sita, na ina taa." Taa ndizo zilizommaliza. Kasha jeusi, kioo ubavuni, feni tatu zinawaka rangi zote kama matatu ya usiku. Muuzaji alitaka shilingi elfu arobaini na tano za Kenya. Kijana alikuwa na elfu hamsini kamili, akiba ya karibu mwaka mzima wa vibarua, na alikuwa amechoka kulipia kila mechi kwenye kibanda cha PlayStation, ukifungwa unaachia pedi mwenzako.

Nikamwambia aombe picha moja zaidi: ile karatasi iliyobandikwa kwenye pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kasha. Muuzaji akajibu kwamba kompyuta iko sawa, haina shida, wateja ni wengi. Karatasi hakuituma.

Biashara ile iliishia hapo, na mpwa wangu alininunia siku mbili. Haya ninayoandika ndiyo niliyomweleza alipokuja siku ya tatu, maana kwa mwenye pesa za kuhesabu, hesabu yote ya kompyuta ya gemu imo ndani ya karatasi ile.

Kwanza, gemu inataka nini

Mtaani kwetu kasha zima huitwa CPU, na mtelezo wa kwanza ni huo. CPU hasa ni prosesa, kipande kidogo kama biskuti ya chai kilichofunikwa na feni katikati ya madabodi, lile bamba kubwa linalounganisha vipande vyote. Kwenye gemu kina mwenzake, kadi ya grafiki, na wote wawili wanafanya kazi kwa kupokezana.

Gemu ni picha zinazobadilishwa upesi upesi. Ili mwendo uonekane laini, mashine ichore picha 60 kila sekunde, na kila picha huitwa fremu. Sekunde moja ukiigawa kwa 60 unapata milisekunde 16.7 hivi, na ndani ya muda huo kila kitu kiwe kimekwisha. Prosesa inaamua mpira umefika wapi, beki anakimbilia upande gani, risasi imempata nani. Kadi inapokea maamuzi hayo na kuyachora. Skrini ya pikseli 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600, nazo zote zipakwe rangi upya mara 60 kwa sekunde. Kazi hiyo ya kupaka rangi ndiyo nzito, na ndiyo sababu kwenye kompyuta ya gemu kadi hula pesa nyingi na umeme mwingi kuliko kitu chochote.

Anayevuka Likoni kwa feri hahitaji kufafanuliwa zaidi. Barabara ya kuteremkia kivukoni ipanue iwe njia sita. Feri ikibeba inachobeba, foleni iko pale pale. Prosesa kali iliyounganishwa na kadi dhaifu ni barabara pana yenye feri moja. Kadi kali kwa prosesa ya zamani ni feri kubwa inayosubiri magari yasiyofika. Mwenye elfu hamsini hawezi kununua vyote viwili vya kifalme, basi anatafuta viwili vinavyolingana.

Kuna nafuu moja ya bure ambayo watu huidharau. Gemu ikichorwa kwa pikseli 1280 kwa 720, pikseli zinakuwa 921,600, chini ya nusu ya zile za mwanzo. Kadi iliyokuwa inahema kwa fremu 35 inaweza kupumua. Kwenye monita ya inchi 19 au 20 ya mtumba, tofauti utaiona ukiitafuta. Ukiwa umebakisha dakika mbili na unadaiwa goli moja, huitafuti.

Na kabla ya kununua chochote, taja gemu zako. Mpwa wangu alitaja eFootball, GTA V, Valorant na Counter-Strike 2. Tatu kati ya hizo ni za bure, zinahitaji bando tu. GTA V ilitoka kwenye kompyuta mwaka 2015, na mashine iliyopendekezwa na walioitengeneza ilikuwa na prosesa ya Core i5-3470, kadi ya GTX 660 na RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya GB 8, vifaa vya mwaka 2012. Kijana aliyejiona anahitaji roketi alikuwa anahitaji pikipiki nzima.

Jina la i7

Hapa nitapita haraka. Intel wamekuwa wakitumia majina i3, i5 na i7 tangu enzi za 2008 hadi 2010, kwa hiyo jina peke yake halikwambii umri. Kinachokwambia ni namba inayofuata baada ya kistari. i7-2600 ni kizazi cha 2, ya mwaka 2011. i7-3770 ni kizazi cha 3, ya 2012. i5-8500 ni kizazi cha 8, ya 2018, na ina viini sita, yaani vichwa sita vya kufanya kazi kwa pamoja, dhidi ya vinne vya zile i7 mbili. i3-12100 ya mwaka 2022, i3 ile inayochekwa, inazipita i7 hizo za zamani kwa mbali. Ile i7 yenye taa, tulipombana sana muuzaji, ilikuwa ya kizazi cha 2. Taa zilikuwa mpya.

Herufi ya mwisho nayo ina neno. Prosesa ya Intel inayoishia na F haina grafiki yake ya ndani, hivyo bila kadi skrini haitaonyesha kitu. Ukiuziwa i5-9400F huku unapanga kununua kadi "mwezi ujao", utakaa mwezi mzima unatazama kasha.

Kizazi cha 8 ni mpaka wenye maana kwa sababu nyingine pia. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inaanzia kizazi cha 8 cha Intel, ikiwa na TPM 2.0, chipu ya usalama. Valorant ukiicheza kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot (ulinzi wa wakati kompyuta inawaka) viwe vimewashwa, la sivyo haifunguki. Mashine za chini ya hapo bado zinacheza gemu nyingi, lakini zinaelekea machweo.

Mashine ya ofisini

Njia ya bei nafuu zaidi kwa sasa haianzi na kununua vipande kimoja kimoja. Inaanza na kompyuta ya ofisi iliyostaafu Ulaya, zile wauzaji waziitazo ex-UK: Dell OptiPlex, HP EliteDesk na ProDesk, Lenovo ThinkCentre. Kampuni za huko hubadilisha mashine baada ya miaka michache hata kama hazijachoka, na zinaletwa huku kwa makontena. Unapata prosesa, madabodi, RAM, kasha na pawa saplai kwa pesa ambazo dukani zingekupa madabodi na prosesa tu. Utazikuta mjini kuanzia Moi Avenue hadi Digo Road. Ukipenda kulinganisha bei, wako wa Luthuli Avenue kule Nairobi wanaokutumia mzigo kwa basi la usiku, asubuhi unaupokea. Mimi hupendelea kununua mahali ninapoweza kurudi kwa miguu na kubisha mlango.

Kazi yako ni kuigeuza hiyo karani kuwa mchezaji kwa kuiongezea kadi. Na karatasi ya pawa saplai inaanza kusema hapo.

Mashine hizi huja kwa maumbo matatu. Ile ndogo kama kitabu haina nafasi ya kadi kabisa, ipite. Ile nyembamba ya katikati, wauzaji huiita SFF, inapokea kadi fupi tu zenye bamba la nusu kimo, na kadi za namna hiyo ni adimu na zina bei yake. Ile ndefu ya mnara ndiyo uitakayo. Tofauti ya bei kati ya nyembamba na mnara mara nyingi ni ndogo, ila nyembamba ndizo zilizojaa madukani, na muuzaji atakwambia zote ni sawa. Si sawa.

Sasa wati. Pawa saplai ya mashine ya ofisi ilikadiriwa kwa karani: prosesa, diski moja, basi. Nyingi ziko kati ya wati 180 na 300. Sloti ndefu ya PCIe ambako kadi hukaa inaweza kuipa kadi hadi wati 75. Kadi inayotaka zaidi ya hapo inahitaji waya wake kutoka pawa saplai, wenye kichwa cha pini 6 ambacho kinaongeza wati 75, au cha pini 8 ambacho kinaongeza 150. Fungua mashine ya ofisi uutafute waya huo. Mara nyingi haumo.

Fundi atakwambia, "Tutaunga, kuna adapta." Ipo kweli, inayotoa umeme kwenye kichwa cha SATA cha diski na kuupeleka kwenye kadi. Lakini kichwa cha SATA kimekadiriwa kubeba ampea 4.5 kwenye laini ya volti 12, yaani wati 54, na cha pini 6 kinaweza kuombwa 75. Plastiki inaanza kulainika, kisha kunanuka. Nimewahi kuisikia harufu ile chumbani kwangu na sitaki kuisikia kwa dada yangu.

Basi badilisha pawa saplai, utasema. Kwenye kompyuta ya kawaida ni skrubu nne na plagi kubwa ya pini 24. Lakini Dell na HP kwenye mashine nyingi za ofisi za miaka hii waliiacha plagi ya pini 24 na kuweka vichwa vyao vidogo, na wakati mwingine umbo la pawa saplai lenyewe haliingii penye nafasi. Adapta za kutoka pini 24 kwenda vichwa hivyo zinauzwa, na zinafanya kazi, ila kila adapta ni pesa na ni kiungo kimoja zaidi cha kulegea.

Kwa hiyo unabaki na njia mbili zilizo safi. Ama uiache pawa saplai ya ofisi kama ilivyo na uchague kadi inayotosheka na wati 75 za sloti. Ama uachane na mashine ya ofisi, utafute kasha la kawaida lenye madabodi ya kawaida na pawa saplai ya heshima, ujue kwamba pesa nyingi zitaishia kwenye vitu visivyochora hata pikseli moja. Kwa elfu hamsini nilimshauri mpwa wangu ya kwanza. Kwa elfu themanini ningemshauri ya pili, bila kufikiri mara mbili.

Kuisoma karatasi

Ukichukua njia ya pili utauziwa pawa saplai, na kwenye vifaa vya kompyuta hakuna soko lenye uongo kama hili. Kasha linaandikwa wati 600 kwa herufi kubwa na bei ni ya chakula cha mchana cha watu wanne. Usisome herufi kubwa. Tafuta kijisanduku chenye safu za +3.3V, +5V na +12V. Prosesa na kadi hula karibu kila kitu kwenye +12V, kwa hiyo zidisha ampea za hapo kwa 12. Nilishika moja ya "wati 600" iliyoandikwa ampea 16 kwenye safu hiyo: 16 mara 12 ni wati 192. Hizo ndizo wati zake, nyingine ni za mwandishi. Pawa saplai ya kweli ya wati 450 itakuwa na ampea 36 hivi, yaani wati 430 na ushei, na itakuwa nzito mkononi. Uzito si kipimo cha maabara, lakini koili na vipoza joto vya kweli vina kilo zake, na ile ya uongo ukiitikisa inacheza kama kiberiti.

Alama ya 80 Plus watu huidhania ni cheti cha ubora wa jumla. Inapima kitu kimoja: kati ya umeme unaotoka ukutani, kiasi gani kinafika ndani bila kupotea kuwa joto. Daraja la Bronze hufikisha karibu asilimia 85 ikiwa imebeba nusu ya mzigo. Ni habari njema kwa token yako ya stima na kwa joto la chumba, ila haikwambii kwamba itajizima yenyewe umeme ukiruka. Kwa hilo tafuta jina la kampuni yenye sifa na dhamana inayozidi mwaka. Nikilazimishwa kuchagua kati ya kadi nzuri yenye pawa saplai mbovu na kadi ya chini yenye pawa saplai nzuri, ninachukua ya pili. Kadi dhaifu unaiuza na kuongeza pesa. Pawa saplai mbovu ikifa huwa haiendi peke yake.

Kadi yenyewe

Ndani ya wati 75 mfalme wa mtumba ni GTX 1650 ya mwaka 2019, yenye GB 4. Iangalie kwa macho kabla ya kulipa, maana matoleo yake mengi yana tundu la pini 6 na mengine hayana; wewe unataka lisilo nalo. Chini yake kuna GTX 1050 Ti ya 2016, GB 4 pia, ambayo eFootball na Valorant hazitaisumbua. RX 6400 hula wati 53 tu na inaonekana kama mkombozi, ila imejengwa na njia nne tu za mawasiliano kwa ajili ya PCIe ya kizazi cha 4. Kwenye mashine ya i5-8500, ambayo ni PCIe ya kizazi cha 3, njia hizo nne zinabana na kadi inapoteza sehemu ya nguvu yake. Feri ya Likoni imerudi.

Walio na pawa saplai ya kweli wana uwanja mpana: GTX 1660 Super ya wati 125, RX 6600 ya wati 132 yenye GB 8, ambayo mimi naiona ndiyo pahali pazuri pa kutulia. Na kuna RX 580, wati 185, ambayo imejaa kila mahali kwa bei ya kutamanisha. Wingi huo una sababu. Kadi hizi zilitumika kuchimba Ethereum mchana na usiku. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum iliacha mfumo huo wa uchimbaji, na kadi kwa malundo zikamwagwa sokoni. Kadi iliyochimba haimaanishi imekufa, chipu huvumilia. Kinachochoka ni feni na pesti ya joto, ile krimu inayopitisha joto kutoka kwenye chipu kwenda kwenye chuma cha kuipoza, navyo vinabadilika. Cha kuogopa zaidi ni jina. Kuna RX 580 iitwayo 2048SP, iliyotolewa kwa soko la China, ambayo ndani yake ina vitengo 2,048 vya kuchorea badala ya 2,304 vya 580 kamili. Kwa hesabu hiyo ni RX 570 iliyovaa kanzu ya kaka yake. Ukiinunua kwa bei ya 570, hujaibiwa.

Kuna uongo mbaya kuliko huo: kadi ya kale iliyoandikwa upya programu yake ya ndani ili ijitambulishe kuwa GTX 1050 Ti. Windows itaamini. Programu ndogo ya bure iitwayo GPU-Z haiamini, na ikigundua huandika FAKE mbele ya jina la kadi. Nenda nayo dukani kwenye flashi. Omba kadi iwashwe, iendeshe gemu au kipimo chochote kizito kwa dakika kumi na tano mbele yako, sikiliza feni, tazama kama skrini inatoa madoa. Muuzaji mwungwana atakuwekea kiti. Asiyetaka kadi yake iwashwe amekwisha kukujibu.

Kuna pia njia ya kutonunua kadi kabisa kwa sasa. Prosesa ya Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021 ina grafiki ya ndani inayoweza eFootball, Valorant, na hata GTA V ukishusha mipangilio, na inakaa kwenye madabodi zenye soketi ya AM4, zilizojaa sokoni. Siku ukipata pesa unachomeka kadi. Sharti lake ni RAM ziwe mbili, 8 na 8, si moja ya 16, kwa sababu grafiki hiyo inaazima RAM ya kompyuta na ikiwa na fito mbili inasoma kwa njia mbili. Tatizo ni bei ya RAM, ambayo tangu mwishoni mwa 2025 imepanda dunia nzima baada ya watengenezaji kuelekeza viwanda kwenye mitambo ya akili mnemba. Ndiyo maana mashine ya ofisi inayokuja na RAM yake ndani imezidi kuwa na thamani.

Mombasa yetu na joto lake

Video nyingi za kufundisha kuunda kompyuta hurekodiwa kwenye vyumba vya nyuzi 20. Feni haizalishi baridi. Inachukua hewa ya chumbani na kuisukuma juu ya chuma chenye moto. Kama chipu inapanda nyuzi 46 juu ya joto la chumba, kwenye chumba cha 22 itasoma 68, na kwenye chumba cha Majengo cha nyuzi 33 wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, itasoma 79. i5-8500 inajipunguza mwendo ikikaribia nyuzi 100, na kipoza joto cha ofisini chenye pesti iliyokauka tangu 2018 hufika huko bila shida. Kwa hiyo pesti mpya si anasa. Futa ile ya zamani kwa spiriti na kitambaa kisicho na nyuzi, weka tone la ukubwa wa punje ya mbaazi, rudisha. Kasha lenye kioo mbele na taa tatu ningelikwepa hata kwa bure: kioo hakipitishi hewa. Bora bati lenye matundu, hata likiwa na sura ya kabati.

Chumvi ni adui mpole zaidi. Upepo wa bahari unaibeba, inatua, inavuta unyevu, na pamoja vinakula vichwa vya waya. Unaponunua mtumba tazama skrubu za nyuma na mabamba ya matundu: kutu pale nje ni barua kutoka ndani. Kompyuta isiyowaka baada ya kukaa muda, mafundi wetu hutoa RAM na kuyasugua meno yake ya dhahabu kwa rubber ya shule, taratibu. Dawa hii ni ya kweli, inaondoa utando tu. Pangusa vumbi lake kabla ya kurudisha.

Na stima. Kupotea si tatizo kubwa; utaipoteza mechi. Tatizo ni kurudi, maana inarudi kwa kuruka ruka, na volti zinapanda na kushuka kabla ya kutulia. Kile kifaa cha TV gadi ambacho mama zetu huwekea televisheni kinafaa kabisa: kinakata volti zikizidi au zikipungua, na stima ikirudi kinangoja kwanza. UPS ni bora zaidi ila soma namba yake vizuri. Ile ya VA 650 kwa kawaida inamudu wati zisizofika 400, na kwa dakika chache tu, za kuhifadhi kazi na kuzima.

Elfu hamsini zilikwenda wapi

Hatimaye tulipata mnara wa OptiPlex wenye i5-8500, RAM GB 8 na SSD (diski ya kisasa yenye kasi) ya GB 256 kwa 24,500. GTX 1650 isiyo na tundu la pini 6, iliyowashwa mbele yetu, 13,500. Fito nyingine ya RAM GB 8 ya mtumba, 3,500. Monita ya inchi 22, mtumba, 5,500. Tulihakikisha ina HDMI, kwa sababu kadi za siku hizi hazitoi VGA, lile tundu la zamani la monita. TV gadi na ekstensheni 1,500. Pesti, spiriti na brashi 500. Jumla 49,000. Kibodi na mausi vilitoka kwa binamu yake, na elfu moja ilikwenda kwenye nauli na madafu.

Kupakua GTA V ilikuwa mkasa wake. Faili zinazidi GB 100, na kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde hizo ni masaa 22 ikienda bila kukatika. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zimetua hapa hapa Mombasa tangu 2009, lakini waya wa mwisho wa kuingia Kisauni ndio unaoamua.

Kuikusanya ilichukua robo saa: kufungua ubavu, kuiweka kadi kwenye sloti ndefu hadi ikalia "ta", skrubu moja, kufunga. Tukawasha. Ikawaka, Windows ikafunguka, gemu ikafunguka, na picha zikawa zinakwenda fremu kumi na kitu kwa sekunde. Kijana akanitazama kama mtu aliyeibiwa na mjomba wake. Nikaenda nyuma ya kasha nikakuta waya wa monita ameuchomeka kwenye madabodi, juu, badala ya kwenye kadi, chini. Hata fundi wa miaka kumi amewahi kulifanya hilo. Tukauhamisha, tukaweka draiva za kadi, na eFootball ikasimama kwenye 60.

Dada yangu alikuwa mlangoni muda wote na swali lake moja. "Na hiki kitanimalizia token?" Tukapiga hesabu naye pale pale: mashine na monita, gemu ikiwa imepamba moto, ni kama wati 170. Uniti moja ya stima ni wati 1,000 kwa saa moja. Kwa hiyo uniti moja, karibu masaa sita ya kucheza. Akaifikiria, akasema wikendi tu.